Darubini Nayo Hutaka Grisi

Leo naweka kando habari za programu na hifadhidata. Nataka tuzungumze kuhusu beringi.

Ndiyo, beringi. Ile pete ya chuma yenye gololi ndani, ambayo ikianza kulia kwenye kinu cha unga kijiji kizima hujua. Tarehe 3 Oktoba 2008 darubini ya redio ya Hartebeesthoek, Afrika Kusini, ilisimama. Hiyo ni sahani yenye upana wa mita 26. Ilijengwa mwaka 1961 kama kituo cha NASA cha kuwasiliana na vyombo vya angani, na katika miaka ya sabini ikageuzwa kuwa darubini ya wanasayansi. Haikusimamishwa na kirusi cha kompyuta wala na hesabu ngumu. Beringi ya mhimili wake iliharibika. Na kuibadilisha si kazi ya kufungua nati nne, kwa sababu mzigo wa sahani umeegemea hapo. Darubini ilirudi kazini mwaka 2010.

Hebu fikiria. Karibu miaka miwili! Nyota zilikuwepo, kompyuta zilikuwepo, wenye shahada za uzamivu walikuwepo. Kilichosubiriwa kilikuwa beringi na watu wa kuifunga.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Arecibo, huko Puerto Rico, ilikuwa na sahani ya mita 305, na juu yake jukwaa la tani 900 lililoning'inia kwa kebo za chuma. Agosti 2020 kebo moja ilichomoka kwenye soketi yake. Novemba nyingine ikakatika. Tarehe 1 Desemba 2020 jukwaa lote lilianguka juu ya sahani, na darubini iliyokuwa kazini tangu 1963 ikawa vyuma chakavu.

Nimeanza na chuma kwa makusudi. Tukisikia neno astronomia tunamwona profesa mwenye miwani akitazama juu. Hatumwoni fundi wa zamu ya usiku, karani wa stoo anayejua beringi ya akiba iko rafu gani, dereva anayepanda mlima na dizeli ya jenereta, wala yule wa ofisi anayekimbizana na forodha ili kipuri kitoke bandarini. Kumbe kituo chochote cha kuchunguza anga kinaishi kwa watu hao. Na watu wa aina hiyo, ndugu zangu, tunao. Tunao wengi sana huku kwetu kwenye chai.

Kiwanda cha chai ni shule

Kwa wale wasiojua, mimi ni mtoto wa Bomet. Mama yangu ana shamba dogo la chai, na kwa miaka kadhaa nimeandika programu zinazohusu upimaji wa majani: mizani ya kielektroniki kwenye kituo cha kununulia, karani anapima gunia, namba ya mkulima inaingia, risiti inatoka, na takwimu zinasafiri hadi kiwandani. Kwa hiyo nimeingia viwandani mara nyingi, saa za mchana na saa za usiku wa manane.

Kama hujawahi kuingia kiwanda cha chai, jaribu. Majani yanafika yakiwa mabichi, yanatandazwa kwenye vitanda virefu vya kunyaushia, na feni kubwa zinapuliza hewa chini yake kwa saa nyingi. Kisha yanapita kwenye mashine za kukata na kusaga, yanaachwa yabadilike rangi, yanakaushwa kwa hewa moto, yanachambuliwa kwa ukubwa, yanapakiwa. Nyuma ya yote hayo kuna boila inayokula kuni, mota, kapi, mikanda, vipimajoto, paneli za umeme, na jenereta ya kuokoa jahazi stima ikipotea. Majani hayasubiri. Stima ikikatika saa nane usiku, fundi wa zamu ana dakika, hana wiki.

Nilimwona mzee mmoja kiwandani akiweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa mota, mpini wake akauegemeza sikioni. Akasikiliza kidogo, akasema, "Hii itamaliza juma, haitamaliza mwezi." Akaandika kwenye kitabu cha zamu. Hakuna aliyebishana naye. Hiyo ndiyo kazi ambayo leo wahandisi huifanya kwa vipima mtetemo na kompyuta, wakisema wanatabiri uharibifu kabla haujatokea. Mzee yule alikuwa na kipimo chake, na alikuwa na kitabu.

Sasa upande mwingine. Kazi ya kuchuma inapungua. Makampuni makubwa yameleta mashine za kuchuma, na hasira imekuwa ikipanda mwaka baada ya mwaka, hadi Mei 2023 machafuko yakatokea Kericho na mashine kadhaa zikachomwa moto. Mimi naandika programu, kwa hiyo siwezi kujifanya adui wa mashine. Lakini siwezi pia kumwambia mama aliyelea watoto kwa kikapu mgongoni kwamba "soko litajirekebisha". Swali la vijana wetu watafanya kazi gani si swali la semina. Linaulizwa mezani, chai ikiwa kwenye kikombe.

Jibu la kawaida la wanasiasa ni "wafundishwe kompyuta". Sawa, wafundishwe. Ila nina neno la kuongeza.

Anga la Kenya lina historia

Kabla hujanicheka kwamba naota nyota mchana, sikiliza.

Kwenye Ghuba ya Ngwana, karibu na Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, na kati ya 1967 na 1988 setilaiti zilirushwa kutoka hapo. Moja yake ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Jina la Kiswahili, bahari ya Kenya, Nobel ya mtu mwingine. Sisemi kwa uchungu. Wakenya walifanya kazi kwenye kituo kile na wanaendelea kufanya kazi pale. Lakini kwa miongo mingi lalamiko lilikuwa lile lile, kwamba ujuzi haukubaki nchini kwa kiasi kilichotarajiwa. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia uliotiwa saini Trento mwaka 2016 uliweka mafunzo kuwa sehemu ya makubaliano.

Nenda sasa Longonot, kule Bonde la Ufa. Tangu 1970 kituo kile kilibeba simu na picha za televisheni kupitia setilaiti. Mwaka 2009 kebo za chini ya bahari zilifika Mombasa, na sahani kubwa za aina hiyo zikapoteza sehemu kubwa ya kazi. Jambo hilo limetokea nchi nyingi za Afrika, na wanaastronomia wakaona nafasi: sahani ya simu unaweza kuigeuza ikawa darubini ya redio. Ghana walifanya hivyo. Sahani yao ya mita 32 pale Kuntunse ilizinduliwa kama darubini Agosti 2017, kwa msaada wa wahandisi wa Afrika Kusini, wakiwemo wale wale wa Hartebeesthoek. Longonot imo kwenye mazungumzo ya aina hiyo kwa miaka mingi. Kenya pia ni mmoja wa washirika wa Afrika katika mradi mkubwa wa SKA unaojengwa Afrika Kusini na Australia, na kuna mpango wa kutafuta kilele kinachofaa darubini ya macho huko kaskazini mwa nchi.

Na mafunzo? Yapo. Mradi wa DARA ulianza mwaka 2015 kwa fedha za Uingereza, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Leeds pamoja na Afrika Kusini, na umewapitisha Wakenya wengi kwenye astronomia ya redio. Ni kazi nzuri na naiheshimu. Lakini angalia mlango wake: unawalenga waliohitimu digrii za fizikia, uhandisi, hesabu, kompyuta. Mwenye stashahada ya umeme kutoka chuo cha ufundi anabaki nje. Yule mzee wa bisibisi sikioni hata hajui kwamba kuna mlango.

Kwa maoni yangu tunajenga nyumba kuanzia paa.

Pembe ya mabati

Mwenye kunifungua macho ni mpwa wangu. Alimaliza stashahada ya umeme, akawa nyumbani akirekebisha pasi na redio za majirani. Desemba moja nilikwenda likizo nikiwa na kifaa kidogo cha USB kiitwacho RTL-SDR. Kilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya dijitali, bei yake ni ndogo kuliko ya simu ya kawaida, na wapenda redio waligundua kwamba kinaweza kupokea masafa mengi sana. Moja ya masafa hayo ni megahezi 1420.4. Hapo ndipo haidrojeni, ile gesi iliyojaa kati ya nyota, inapotoa mawimbi yake yenye urefu wa sentimita 21.

Uzuri wa mawimbi hayo ni kwamba mawingu hayayazuii. Kwa Kericho na Bomet hilo ni jambo kubwa! Kwetu mawingu hupanda karibu kila alasiri, na mvua ya mawe ya Kericho ni maarufu kwa wataalamu wa hali ya hewa duniani. Mtu akikuambia anataka kuweka darubini ya macho katikati ya chai, mwombe akapumzike. Lakini redio inapenya.

Tulitengeneza pembe kubwa ya mabati membamba, kama faneli ya mraba inayotazama juu. Chini yake tukafunga mkebe wa mstatili, ndani ya mkebe kipande cha waya wa shaba chenye urefu wa sentimita tano na kidogo, yaani robo ya wimbi. Kutoka hapo amplifaya ndogo yenye kichujio, kisha kebo, kisha ile USB, kisha kompyuta yangu ya mkononi. Sehemu ya programu ilikuwa yangu: GNU Radio, na Python ya kuchukua wastani wa dakika kumi na kuchora grafu. Iliisha jioni moja.

Kilichobaki kilichukua siku tisa, na karibu chote alikifanya yeye.

Kwanza grafu ilijaa miiba. Mimi nilianza kufikiria vichujio vya kidijitali. Yeye akaenda ndani ya nyumba akazima vitu kimoja kimoja huku mimi nikipiga kelele kutoka nje, "Bado! Bado! Bado!" Alipochomoa chaja ya betri ya sola, miiba ikalala. Akachukua pete nyeusi ya feraiti kutoka kebo ya skrini ya zamani, akazungusha waya wa chaja humo mara kadhaa, akairudisha. Miiba haikurudi.

Kisha mvua. Maji yaliingia kwenye kiungo cha kebo na mawimbi yakafifia. Akakata utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, akauvuta na kuufunga kwa kupishanisha, akaacha kebo ining'inie kwa mkunjo kabla ya kuingia dirishani ili tone lianguke chini badala ya kufuata waya hadi ndani. "Mjomba, hivi ndivyo tunavyofunga nyaya za pampu," akaniambia. Kisha akapigilia fimbo ya shaba ardhini kwa ajili ya radi, na akaweka sheria: wingu jeusi likionekana upande wa Mau, kila kitu kinachomolewa.

Usiku wa kumi tulikipata. Kilima kidogo kwenye grafu, karibu kabisa na 1420.4. Kadiri dunia ilivyozunguka na Njia Nyeupe kupita juu yetu, kilima kilipanda, kikasogea pembeni, kikagawanyika. Kule kusogea ni mwendo: gesi inayotukimbilia huonekana kwenye masafa ya juu kidogo, inayotukimbia kwenye ya chini, na kila kilomita moja kwa sekunde ni kama kilohezi 4.7. Tulikuwa tunapima mzunguko wa galaksi kutoka kwenye boma la mama, chini ya mawingu mazito.

Mpwa wangu alitazama skrini kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mjomba, kuna mtu analipwa kufanya kazi hii?"

Nikamwambia ndiyo, wapo. Akauliza, "Wenye stashahada?" Nikanyamaza kidogo. Kwa sababu nchi nyingine jibu ni ndiyo. Kwetu bado hakuna aliyelitengeneza jibu.

Nchi nyingine zimefanyaje?

Afrika Kusini ndio wa karibu zaidi. Tangu 2005 programu yao ya kuandaa watu kwa ajili ya SKA imetoa ufadhili wa masomo si kwa wanafizikia peke yao bali hadi kwa mafundi, na vijana wa Carnarvon, mji mdogo wa wafuga kondoo ulio karibu na eneo la darubini, wamefundishwa kazi za huko huko. MeerKAT yenye sahani 64 ilizinduliwa Julai 2018. Sahani 64 maana yake ni mota, gia, vipoza joto na kebo mara 64. Pale Sutherland, darubini ya SALT ina kioo cha vipande 91. Vipande hivyo hutolewa kwa zamu, vikasafishwa na kupakwa alumini upya. Ni kazi ya mikono mitulivu na utaratibu usiorukwa, haina mwisho, na anayeifanya vizuri ni hazina.

Hawaii wana mpango uitwao Akamai, ulioanza 2003. Wanafunzi wa vyuo wanaotoka visiwani hupewa kozi fupi, kisha wiki kadhaa ndani ya kituo cha anga au kampuni ya teknolojia, kila mmoja na mradi wake halisi na mtu wa kumwongoza. Mwishoni anasimama mbele ya watu kueleza alichofanya. Mtu halisi, tatizo halisi, na hakuna kumtuma akaandae chai (samahani kwa watu wa chai).

Lakini Hawaii kuna funzo la pili. Julai 2019 wenyeji, wakiwemo wazee, walikaa barabarani chini ya Maunakea kupinga darubini mpya kwenye mlima wao mtakatifu. Mafunzo na ajira havikufuta swali la ardhi. Sisi Wakipsigis hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Ardhi nzuri ilichukuliwa na wakoloni ikawa mashamba ya chai, na ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi katika miaka ya thelathini. Kwa hiyo popote Kenya itakapoweka darubini, iwe Longonot au Samburu, mwenye ardhi aulizwe kwanza, na mafunzo yasiwe rushwa ya kumnyamazisha.

Kitabu cha zamu

Nimesema mengi kuhusu mafundi. Sasa makarani, maana hao husahaulika zaidi.

Kulikuwa na mabishano ya kisayansi kuhusu malaria kwenye nyanda za juu: je, joto limepanda au halijapanda? Utafiti mmoja uliochapishwa 2002 ulisema hakuna mabadiliko ya maana katika sehemu kama Kericho. Wengine wakapinga, na sehemu ya ugomvi ilikuwa kwamba takwimu zilizotumika zilikadiriwa kutoka vituo vya mbali. Mwaka 2011 ukatoka utafiti mwingine uliotumia vipimo vya kila siku vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho chenyewe, kuanzia 1979 hadi 2009. Ulionyesha joto limepanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila miaka kumi.

Nani aliyeleta takwimu hizo? Watu waliokwenda kwenye kipimajoto kwa miaka 30, siku za mvua na siku za sikukuu, wakasoma namba na kuiandika kama ilivyo. Sayansi ya dunia ilikuja kuegemea kwenye mwandiko wao.

Darubini iko hivyo hivyo. Saa ngapi, sahani ilielekea wapi, upepo ulikuwaje, nani alibadilisha amplifaya na lini. Bila hayo takwimu ni makelele. Sisi waandishi wa programu tunajua jinsi ilivyo shida kumfanya mtu aandike kumbukumbu. Karani wa mizani ya chai, ambaye kosa lake la nusu kilo linamletea mkulima mlangoni siku ya pili, ameshazoea nidhamu hiyo. Mfundishe majina mapya ya vitu, na umepata mtunza takwimu.

Basi tufanyeje?

Si mradi wa mabilioni. Chuo cha ufundi kama Sot kule Bomet au Bureti upande wa Kericho, pamoja na Chuo Kikuu cha Kabianga, wanaweza kuanza na vitu ambavyo vingine tayari viko kwenye karakana zao. Mtaala wangu ungekuwa hivi:

1. Mitambo inayozunguka: beringi, gia, grisi, mtetemo. Mwalimu msaidizi awe fundi wa kiwanda cha chai, hata kama hana cheti.

2. Umeme safi: kutuliza miiba, kufunga fimbo ya ardhini, radi, betri, jenereta.

3. Redio: pembe ya mabati kama yetu, haidrojeni, kebo na viungo. Kila mwanafunzi aone kile kilima kwa macho yake.

4. Kompyuta: Linux, mtandao, Python kidogo, na hasa kusoma kumbukumbu za mfumo ili kujua kilichokufa ni nini.

5. Ofisi: stoo, manunuzi, forodha, usalama kazini, na kuandika ripoti ambayo mtu wa zamu inayofuata ataielewa.

Najua mtakaloniuliza. Kazi ziko wapi? Swali zuri, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Darubini moja huajiri makumi ya watu, haiajiri maelfu. Haitarudisha kazi za kuchuma zilizoondoka. Akija mtu na kuahidi hivyo, mshike mfuko wako. Lakini tazama tena orodha hiyo. Hakuna kipengele hata kimoja kinachofaa darubini peke yake. Mitambo ya mvuke ya Olkaria iko Naivasha, si mbali na Longonot, na inataka watu hao hao. Hospitali zenye mashine za skani zinawataka. Minara ya simu inawataka. Viwanda vya chai vyenyewe vinawataka, na wazee wa bisibisi wanastaafu kila mwaka bila kuacha mrithi. Kijana aliyesoma hivyo ana kazi kadhaa za kuomba siku Longonot inaendelea kuwa mazungumzo, na siku ikiwa darubini, hatutaagiza fundi wa grisi kutoka ng'ambo.

Hilo ndilo nililotaka kusema. Malindi tulitoa bahari na jina. Safari hii tuweke watu mapema, na tuwaweke kuanzia chini, pale darubini inapogusa ardhi.

Kwa wanaotaka kujaribu wenyewe: anza na RTL-SDR, amplifaya yenye kichujio cha 1420, mabati, na daftari la kurasa ngumu. Daftari ndilo la kwanza. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, na ulichokigusa, hata kama ulichokigusa ni skrubu moja. Nitaweka hapa vipimo vya pembe yetu na ile programu ya kuchora grafu, na mkipata kilima chenu kutoka Litein, Sotik, Nandi au hata Njombe, nitumieni picha. Walimu wa vyuo vya ufundi, ninyi ndio nawasubiri zaidi. Maoni yenu nayakaribisha, hata ya kunipinga.